Je, moshi unanipandisha presha, au natafuta kisingizio?

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, fundi cherehani, mke na mama wa watoto watatu. Presha ya kupanda niligundulika nayo mwaka jana nilipokwenda kupimwa kitu kingine kabisa. Nikaandikiwa amlodipine, kidonge kimoja kwa siku, nikashauriwa pia ninunue mashine ya kupimia nyumbani. Nilinunua. Namba zangu naziandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, ndiyo maana hapa utakutana na namba nyingi. Univumilie.

Kibanda changu cha kushonea kiko kando ya barabara kuu, hatua chache kutoka pale magari ya abiria yanaposimama. Madereva hawazimi injini. Umeme ukikatika, jirani wa kushoto huwasha jenereta, na bomba lake la moshi linatazama mlangoni kwangu. Nikirudi nyumbani jioni nakutana na moshi mwingine. Mzee jirani yetu hukusanya takataka za siku nzima, majani na plastiki pamoja, akazichoma nyuma ya ukuta wetu, kila siku jua likikaribia kuzama. Nguo nilizoanika naanua zikinuka. Pua inaziba, kichwa kinauma, nameza vidonge vya mafua, nafunga madirisha, nawasha dawa ya mbu, nalala.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mama yangu, anakaa mbali na mji. Nilikaa siku kumi na mbili. Kabla ya safari, jioni nilikuwa napata 144 kwa 92, siku nyingine 146. Kule, tangu siku ya tatu, mashine ikaanza kunionyesha 128 kwa 80, 130 kwa 82. Nilidhani imeharibika. Nikampima mama, nikampima kaka, nikaona mashine ni nzima. Basi siku tatu kabla ya kuondoka nikajiambia: kumbe mgonjwa si mimi, mgonjwa ni hewa ya kwetu. Nikaacha vidonge. Namba hazikubadilika sana. Nikarudi nyumbani, na baada ya siku nne tu, jioni, 152 kwa 96. Jana 150 kwa 95. Sasa ni wiki mbili na siku kadhaa sijameza dawa, maana sioni kwa nini nimeze kidonge kwa ajili ya moshi wa mtu mwingine.

Mume wangu anasema ni visingizio. Anasema mtaa mzima unavuta moshi huo huo na si wote wana presha. Shemeji yangu, mdogo wake, ananiunga mkono kupita kiasi: anasema nihame, na dawa niachane nazo kabisa, kwamba vidonge vya presha ukishavianza umefungwa maisha. Mimi niko katikati. Na kwa yule mzee siwezi kwenda kusema kitu. Ndiye aliyetutafutia nyumba hii, ndiye aliyekaa na watoto wangu nilipolazwa kujifungua huyu wa mwisho. Nitamwambiaje kwamba ananiua?

Niambie ukweli. Moshi unaweza kupandisha presha, au najidanganya?

Fundi wa kando ya barabara

---

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kichwa.

Hujidanganyi. Moshi hupandisha presha, jambo hilo limepimwa mara nyingi na katika nchi nyingi. Hapo mumeo amekosea, na nakuruhusu umsomee maneno haya. Ukishamsomea, ishia hapo, kwa sababu kuanzia mstari unaofuata nazungumza na wewe, na kosa lako ni kubwa kuliko lake.

Umeacha dawa kwa ushahidi mbovu. Kabla ya kustaafu nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa kliniki ya presha, na sikumbuki daftari lililoandikwa vizuri na kusomwa vibaya kama hili lako. Hebu tulifungue pamoja.

Wewe ni fundi. Ukibadili uzi na sindano siku moja, kisha mshono ukaanza kuruka, utalaumu kipi? Ndivyo ulivyofanya. Uliacha kidonge na kurudi kwenye moshi ndani ya wiki moja, halafu lawama zote ukazitupia moshi. Amlodipine haitoki mwilini upesi. Mwili huhitaji kati ya saa 30 na 50 kupunguza nusu tu ya dawa iliyomo, kisha muda kama huo tena kupunguza nusu ya iliyobaki. Kwa hiyo zile siku tatu za mwisho kwa mama yako, ulipodhani unaishi bila dawa, ulikuwa bado unaishi kwa dawa ya juzi. Nguvu yake ilikuja kuisha ukiwa umeshafika nyumbani, wakati ule ule pua yako ilipokutana tena na moshi wa mzee. Moshi ukauona, kidonge hukukiona.

Sasa namba zenyewe. Ukiwa na dawa na moshi, 144. Ukiwa na dawa, mbali na barabara, 128. Ukiwa na moshi bila dawa, 152. Kutoka 144 hadi 152 ni pointi nane, na hizo nazihesabia kidonge ulichokiweka kando. Zinabaki 16, kati ya 144 na 128, na hizo ndizo tunazoweza kuuliza zimetoka wapi. Hesabu hii si ya duka la dhahabu, presha ya mtu hupanda na kushuka hata akiwa amekaa kitini, lakini inatosha kukuonyesha kwamba daftari lako linasema mambo mawili na wewe umesikia moja.

Kwa hiyo kidonge chako, dozi ile ile uliyoandikiwa, kianze tena leo. Wiki hii urudi kliniki uwaambie kwamba uliacha na kwa siku ngapi. Usione haya. Usipowaambia wataona 150, watadhani dawa imeshindwa kazi, wakuongezee nyingine juu ya ile ambayo huimezi. Nimeshuhudia hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Shemeji yako mwambie kwamba kinachodumu maisha ni presha yenyewe. Kidonge unaweza kukiacha asubuhi moja na hakuna atakayekushika mkono, ila mishipa ya ubongo na figo haikuulizi kama umepumzika dawa kwa sababu nzuri au mbaya.

Turudi kwenye zile 16.

Ndani ya moshi, kinachotusumbua zaidi katika habari hii ni chembe ndogo zisizozidi upana wa mikromita 2.5. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko chembe hizo mara 20 au zaidi. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, ukapiga chafya likatoka. Hizi ndogo hupita, zikashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Kule hugusa miisho ya neva, na mwili hujibu kama mtu aliyeshtuliwa: moyo unakaza mwendo, mishipa ya damu inajibana. Hayo hayahitaji miaka, ni mambo ya dakika na saa. Kuna na njia ya polepole. Mapafu yakikerwa kila siku huvimba ndani kwa ndani, na kemikali za uvimbe huo huingia kwenye damu na kuukera utando laini unaofunika mishipa kwa ndani. Utando huo ndio unaotengeneza nitriki oksidi, ambayo huilegeza mishipa. Ukidhoofika, mshipa unabana na hauna wa kuulegeza. Na zile chembe zilizo ndogo kupita zote zinaweza kuvuka mapafu zikaingia kwenye damu zenyewe.

Kiasi gani, lakini? Hapo ndipo watu wanapopotea, wanaokataa na wanaokubali pia. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha jaribio ninalolipenda kwa sababu linakuhusu wewe wa kando ya barabara. Waliwapakia watu kwenye gari, wakawazungusha katika foleni za mji kwa saa mbili. Siku nyingine hewa ya nje iliingia kama ilivyo, siku nyingine ilipitishwa kwenye kichujio kizuri, na abiria hawakuambiwa ni siku gani. Siku za hewa isiyochujwa presha ilipanda kwa pointi nne na nusu hivi zaidi ya siku za hewa iliyochujwa, ikafika kileleni baada ya kama saa moja, na kesho yake, saa 24 zimepita, ilikuwa bado haijashuka. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 2009, yalichapishwa matokeo ya Beijing: watu 15 wenye afya walitembea katikati ya mji kwa saa mbili, mara moja na barakoa nzuri na mara moja bila. Namba ya juu ilikuwa wastani wa 114 walipovaa, 121 wasipovaa.

Unaona basi. Nne na nusu, saba. Moshi wa barabara una sehemu yake katika 16 zako, na sehemu hiyo si ndogo. Dawa moja ya presha ikikushushia pointi tisa au kumi tunaishukuru. Ila hauzimalizi zote.

Nyingine zimetoka wapi? Kwa mama yako ulilala bila kelele za magari, na kelele za barabara, hasa za usiku, zinapandisha presha kwa nguvu zake zenyewe hata ukizoea hadi ukadhani huzisikii. Ulipumzika, hukuwa na mteja anayetaka gauni lake kesho. Na kuna vitu viwili ulivyovitaja kwa haraka mwishoni mwa aya, kama mtu anayetaja rangi ya kitasa cha mlango, ambavyo vilinifanya nisimamishe kusoma.

Cha kwanza ni vidonge vya mafua. Soma karatasi iliyomo kwenye pakiti, au mpelekee mfamasia. Vingi vya kufungua pua vina pseudoephedrine au phenylephrine, ambazo kazi yake ni kubana mishipa ya damu. Hubana ile ya puani ili uvimbe ushuke, na kwa bahati mbaya zikimezwa haziishii puani. Mtu mwenye presha hapaswi kuzimeza bila kuuliza. Ikiwa kichwa nacho unakitulizia diclofenac au ibuprofen mara kwa mara, hizo nazo hupandisha presha. Kwa hiyo moshi unaweza kuwa unakupiga mara mbili, mara ya kwanza kwa chembe zake na mara ya pili kwa dawa unazomeza ili kuuvumilia. Pua ioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Kwa kichwa, paracetamol kwa dozi yake ni nafuu zaidi kwako, ingawa nayo si ya kila siku.

Cha pili ni dawa ya mbu. Hukusema ni ipi, lakini umesema unaiwasha, nami nachukulia ni ile ya mviringo inayoungua polepole hadi asubuhi. Mwanangu, unafunga madirisha ili moshi wa mzee usiingie, halafu unawasha wa kwako ndani! Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliopima dawa za namna hiyo za China na Malaysia. Dawa moja ikiungua hadi mwisho hutoa uzito wa chembe hizo ndogo sawa na sigara kati ya 75 na 137. Nairudia ili usidhani nimekosea sifuri: sigara 75 hadi 137, katika chumba kilichofungwa, wewe umelala humo saa saba au nane, na huyo mdogo pengine yumo. Moto wa mzee unawaka nusu saa jioni, nje, upepo unauchukua.

Sisemi mlale na mbu, malaria haina mzaha. Chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na wavu madirishani. Kwa mama yako ulilalaje? Kama ulilala ndani ya chandarua bila kuwasha kitu, basi katika 16 zako kuna pointi ambazo si za barabara wala za mzee.

Na usidhani hewa ya mbali na mji ni safi kwa kuwa haina magari. Mama yako akipikia kuni ndani ya jiko lisilo na bomba, wakati wa kupika anavuta chembe nyingi kuliko wewe kibandani. Huko Guatemala wanawake wa zaidi ya miaka 38 waliokuwa wakipikia moto wa wazi walipewa majiko yenye bomba la kutolea moshi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha namba yao ya juu ikiwa chini kwa pointi 3.7 na ya chini kwa 3.0. Hilo ni jiko tu, hakuna kidonge. Umpelekee salamu zangu mama, na umwangalie jikoni kwake safari ijayo.

Sasa nataka upime upya, safari hii hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza umeze dawa yako kila siku kwa saa ile ile, mengine yote yaache yalivyo. Wiki ya pili na ya tatu dawa iendelee, ila dawa ya mbu ya kuwasha na vidonge vya mafua vitoke chumbani. Ndipo tutajua. Pima asubuhi kabla ya kumeza kidonge, na jioni. Si pale tu unapoingia ndani ukikohoa na kumkasirikia mzee, nashuku namba zako nyingi za jioni zimepimwa hivyo. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano kitini, mgongo umeegemea, miguu miwili sakafuni bila kuikunja nne, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya mkono wa gauni. Usiongee, kuongea peke yake kunaweza kuongeza pointi kadhaa. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Kipimo cha nyumbani kikiwa wastani wa 135 kwa 85 au zaidi, hiyo tunaihesabu kuwa juu, hata kama kliniki wanatumia 140 kwa 90.

Mashine ikikuonyesha 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki pale pale, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa pamoja nayo kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kugoma au macho kuona giza, usipime mara ya pili. Ondoka.

Kuhusu kibanda, nianze na jenereta kwa sababu ndilo linaloweza kukuua haraka. Bomba lake linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma. Unaniambia kichwa kinakuuma kila jioni. Pengine ni moshi tu, pengine ni presha, lakini angalia kama siku za jenereta ndizo siku za kichwa. Jirani huyo mwambie wazi wazi, wala haihitaji busara ya wazee: bomba ligeuzwe, na jenereta lisogezwe mita sita au zaidi kutoka milango na madirisha ya watu, yakiwemo ya kwake.

Magari huwezi kuyazima. Unaweza kuhamishia cherehani nyuma, mbali na mlango wa barabarani, na meza ya kupokelea wateja ikabaki mbele. Kama kuna mlango wa nyuma, ufungue huo. Moshi wa magari hupungua upesi kadiri unavyosogea mbali na barabara, kwa hiyo siku ukipata chumba cha kupanga mtaa wa ndani, mita mia au mia na hamsini tu, chukua bila kusubiri muujiza. Barakoa ya kitambaa unayojishonea mwenyewe, nisamehe, kwa chembe hizi inasaidia kidogo sana. Inayofaa ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2, iliyobana pande zote. Kuivaa kutwa nzima kwenye joto ni mateso, sitakudanganya, kwa hiyo ivae saa zile magari yanapofurika na unapotembea kurudi nyumbani.

Kuhama kabisa, kama anavyotaka shemeji? Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha chembe hizi hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, kutoka 10 cha mwaka 2005, na kwa viwango hivyo vipya watu 99 katika kila 100 duniani wanapumua hewa isiyofaa. Utahama hadi wapi? Kuna hewa mbaya na hewa mbaya zaidi, na tofauti kati yake ni kubwa, ila usivunje kazi na shule za watoto kabla hujatoa dawa ya mbu chumbani.

Hoja ya mumeo, kwamba mtaa mzima unavuta moshi na si wote wana presha, muulize yeye amepimwa lini. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya kupanda duniani hawajui kama wanayo. Mwambie akae kitini dakika tano, asiongee. Ninavyowajua wanaume, hilo la kutoongea halitamshinda.

Amebaki mzee. Umeuliza utamwambiaje kwamba anakuua. Hutamwambia hivyo, kwanza kwa sababu si kweli, umeona mwenyewe hesabu ilivyogawanyika, na pili kwa sababu mtu aliyekulelea watoto hapelekewi mashtaka. Anapelekewa shida. Nenda asubuhi, siku ambayo moto haujawaka na wala huna hasira, nenda na mumeo ikiwa amekubali. Mwamkie, kaa, uliza hali. Kisha mwambie una maradhi ya presha, kwamba moshi wa jioni unakubana, na umekuja kumwomba msaada afikirie nanyi takataka zifanywe nini. Usimtajie mikromita. Ombi dogo kwanza: plastiki isiingie motoni kabisa, maana moshi wake una sumu kuliko wa majani. Majani yanaweza kuoza shimoni, tena yakawa mbolea. Plastiki zenu na zake zikusanywe pamoja, na kama kuna watu wa kuzoa taka, mumeo abebe gharama ya nyumba zote mbili. Mzee asiachiwe tatizo bila kuachiwa njia.

Na mashine uibebe. Anayesimama karibu na moto ule kuliko watu wote ni yeye, kila siku, na kwa umri wake mishipa si ya kijana. Mpime kama ulivyompima mama yako, si kwa kumtafutia kosa. Namba zake ziandike kwenye ukurasa wa peke yake, na ukimwona amevuka, umpeleke kliniki siku ile ile unayokwenda wewe.